Nilipofuta Jina la Kaka Yangu Kwenye Kompyuta

Kaka yangu alikufa mwanzoni mwa kiangazi, katika wiki zile za baridi ambazo watu wa Kolwezi huondoka nyumbani wamevaa makoti na kurudi wameyabeba mkononi. Nyumbani tulimwita yaya, kama tunavyomwita kwetu kila ndugu aliyetutangulia kuzaliwa, awe mwanamume au mwanamke. Alikuwa fundi wa kompyuta katika ofisi ndogo ya maji, nami nilikuwa mpima visima katika ofisi hiyohiyo. Yeye ndiye aliyeniingiza kazini. Mimi niliacha shule mwaka wa tatu wa sekondari, na kupima kisima hakuhitaji zaidi ya hapo. Unashusha kamba yenye alama za mita, kidude kilicho mwisho wa kamba kinalia kikigusa maji, unasoma alama, unaandika kwenye daftari, unapanda pikipiki kwenda kisima kingine.

Namba zangu kaka alikuwa anaziingiza katika programu moja ya wanasayansi, iliyoandikwa na watu wa mbali ambao hatujawahi kuwaona. Kazi yake ni kukisia maji ya chini ya ardhi yatasimama wapi miezi inayokuja. Kwetu hilo si jambo dogo. Mgodi ukichimba chini sana hauna budi kuvuta maji ili shimo lisifurike, na maji yakivutwa huku, visima vya kule vinashuka. Ukichimba kisima bila kukisia, unaweza kupata maji mwezi wa tano na tope mwezi wa kumi.

Kompyuta ile ilitumia Linux, kwa sababu programu za namna hiyo zimezoea kuishi humo. Kaka alinifundisha kuiwasha programu kwa mistari mitatu ya kuandika. Nilijifunza mistari ile kama mtu anavyojifunza sala ya lugha asiyoijua, nikaisema bila kukosea. Siku moja nilimuuliza kwa nini programu yenye akili nyingi hivyo ni faili dogo kuliko picha ya simu.

"Haibebi bitu yote," aliniambia. "Inaazima. Unajua ile masufuria makubwa ya kupikia batu ku kilio? Kila nyumba haina yake. Iko ku nyumba moja, na batu yote ya avenue banajua ni nyumba gani. Programu nayo inaenda kugonga. Leta ile ya kusoma mafaili. Leta ile ya hesabu kubwa. Ile njo tunaita maktaba za pamoja."

"Na kama mwenye nyumba hayuko?"

"Basi siku ile batu balale njaa," alisema, akacheka, akarudi kwenye kazi yake.

Aliugua wiki tatu tu. Hospitalini alinipa neno la siri la msimamizi wa kompyuta, nikaliandika nyuma ya daftari la visima. Sikumwuliza mengine. Nilidhani atarudi.

Baada ya siku arobaini tuliondoa kilio, yaani tulimaliza matanga. Siku hiyo, kwetu, vitu vya marehemu havibaki vimesimama. Nguo zinagawanywa, godoro linatolewa juani, kitanda kinageuzwa kielekee ukuta mwingine, na kama jina lake limeandikwa kwenye kiti au ndoo, linafutwa. Si kwa chuki. Ni ili naye apate kuondoka. Shangazi yetu ndiye aliyesimamia ugawaji, na nilipokuwa nafunga furushi la mwisho alinishika mkono.

"Na ku kazi? Kuko bitu yake?"

"Kuko kikombe na koti, shangazi."

"Leta. Na kama kuko kingine chenye jina yake, ondoa. Usimuache mutoto wetu anasimama mu mulango."

Kikombe na koti nilivileta. Lakini palikuwa na kingine, nami nilikijua tangu aliponiuliza. Kila asubuhi nilipowasha kompyuta, kioo kilionyesha majina mawili ya watumiaji. La kaka lilikuwa juu na langu chini yake, na kishale kilianzia kwenye lake, kana kwamba ndiye anayengojewa. Siwezi kusema kwamba nilimtii shangazi tu. Nilikuwa nimechoka kuliona jina lile kabla ya chai.

Ijumaa moja alasiri nilipanga kulitoa. Nilipitia folda lake kwanza. Picha za watoto wake na karatasi zao za shule nilizinakili kwenye flash kwa ajili ya mjane wake. Zilizobaki sikuzielewa. Palikuwa na folda moja lililoitwa lib, limejaa mafaili yenye majina ya ajabu yanayoishia na namba, nikayaona kama zile skrubu na nati zinazobaki chini ya sanduku la fundi. Kompyuta iliniuliza: nimfute mtumiaji peke yake, au pamoja na mafaili yake yote? Nilichagua yote. Ilichukua muda mfupi kuliko kukunja shati.

Jumatatu kioo kilionyesha jina moja, langu. Nilikunywa chai yangu kwa amani.

Asubuhi hiyohiyo mkuu wa ofisi aliingia akipangusa vumbi kwenye kofia. Ni mtu wa makamo, mpenda utani, na tunamwita shefu tu.

"Jiandae, mama ya visima," alisema. "Masini ya foraji, ile ya kuchimba, imefika mu mji. Inabakia hapa mpaka Jumamosi. Jumapili inashika njia ya Mutshatsha, kisha Kasaji, na hatutaiona tena mpaka kiangazi ingine. Batatuchimbia kisima moja. Moja tu. Ile ya materniti."

Materniti ile naijua vizuri. Ni nyumba ndogo ya kujifungulia pembeni mwa mji, ambayo kisima chake cha zamani kilikauka. Wanawake wanaokuja kuzaa huja na bidoni zao za maji, na zikiisha, ndugu zao wanatoka kutafuta. Mahali pa kuchimba palikuwa pawili: mbele, karibu na lango, au nyuma kabisa, ng'ambo ya ukuta, ardhi inapoanza kuinama. Muuguzi mkuu na watu wote walitaka langoni. Programu ndiyo ilipaswa kusema ni wapi maji yatakaa mpaka mvua. Tukikosea, materniti ingebaki na bomba kavu mwezi wa kumi, na ile mashine ya kuchimba ingekuwa Kasaji.

Nilikaa, nikaandika mistari yangu mitatu. Programu haikufunguka. Kioo kilileta sentensi moja ya Kifaransa: haikuweza kupakia maktaba ya pamoja, faili hilo halipo. Nilirudia. Ikarudia. Ndani ya sentensi ile lilikuwamo jina moja kati ya yale majina ya ajabu yanayoishia na namba, yale niliyoyafuta Ijumaa.

Shefu alikuja kusimama nyuma yangu.

"Ni courant," alisema. "Jana umeme ulikatika mara ine. Itakuwa iliuma disiki."

Hapa sitajipamba: tangu saa tatu asubuhi mpaka saa nane mchana nilimwacha aamini kwamba ni umeme. Alipiga simu huku na huku kumtafuta mtu wa disiki. Alizima na kuwasha kompyuta mara mbili. Alilaani kampuni ya umeme kwa maneno ambayo siku nyingine ningeyacheka. Nami nilikuwa nimekaa na daftari mapajani. Kilichonifungua ulimi si ushujaa. Alisema, "Yaya yako angekuwa hapa, angetengeneza kwa dakika tano," na sikuweza kuvumilia tena.

"Shefu, si umeme. Ni mimi. Ijumaa nilimfuta yaya mu masini. Na bitu yake yote."

Alishusha simu. "Ulimfuta juu ya nini?"

"Tuliondoa kilio."

Alivuta kiti akakaa. Naye alishazika, anajua kitanda kinavyogeuzwa. Hakunifokea. Alisema tu, polepole, "Na mu masini pia," kama mtu anayepima kitu kipya, kisha akaniuliza kama kaka alikuwa na rafiki wa kazi hiyo.

Alikuwa naye mmoja, Lubumbashi, fundi wa kompyuta kama yeye, aliyekuja kwenye mazishi na kuondoka kesho yake. Nilimpigia. Nilimweleza yote, nikasikia upande wa pili kicheko kifupi ambacho hakikuwa kibaya.

"Mama, ulifukuza mwenye parseli, mwenye nyumba, sasa bapangaji banalia."

"Tata, nisamehe," nilisema, kama mtoto anavyomwambia baba.

"Mi nikusamehe nini? Hata mi sikujua kama aliweka maktaba ku nyumba yake mwenyewe. Ni uvivu yake ile. Nilimwambia. Sasa andika: ldd, acha nafasi, kisha jina ya programu."

Amri ile ya herufi tatu ilinionyesha orodha ya kila kitu programu inachokwenda kuazima, na mbele ya kila kimoja mahali kinapopatikana. Vingi vilikuwa na anwani. Vitatu vilikuwa vimeandikiwa kwamba havionekani. Niliwahi kuona orodha za namna ile baada ya mazishi, watu wakihesabu nani alileta nini na nani hakufika.

Aliniuliza kama kompyuta ina maktaba hizohizo za toleo jipya. Zilikuwepo, zilikuja na kompyuta yenyewe. "Bon," alisema. Nilisikia watu wanamwita nyuma, na sauti yake ikaharakisha. "Patia kila ile mupya jina ya ile ya zamani. Ni kiungo tu, hauhamishi kitu. Programu itagonga, itafunguliwa."

Nilifanya hivyo kwa zote tatu. Programu ilifunguka. Shefu alipiga makofi mara moja, kwa nguvu, kama mtu anayeua mbu. Tuliipa namba za materniti, ikafanya kazi yake alasiri ile, ikajibu: langoni. Maji yatakaa langoni mpaka mvua na zaidi. Kabla sijainuka, shefu alikuwa ameshampigia muuguzi mkuu, na kwenye simu nilisikia vigelegele vya watu zaidi ya mmoja.

Kaka alikuwa na desturi moja. Kila alipogusa kompyuta ile, hata kama ni kubadilisha waya tu, aliiuliza kwanza jambo ambalo jibu lake analo. Alitumia kisima cha uani mwa ofisi, kile ninachokipima kila asubuhi kabla ya kutoka. Siku ile ya furaha niliisahau desturi hiyo. Nilifikiri nimeshapita hatari. Nilikumbuka Jumanne asubuhi nikiwa nimeinama kisimani, kamba mkononi. Ililia kwenye mita kumi na moja na kidogo.

Niliingia ndani nikaiuliza programu: leo, kisima cha uani, maji yako wapi?

Ilisema mita tano na nusu.

Niliuliza tena. Tano na nusu. Siku za kaka ilikuwa inakosea shibiri moja, labda mbili. Sasa ilikuwa inakosea kimo cha nyumba, tena bila kusita, kwa namba zilizopangwa vizuri kwenye mistari.

Nilimwita shefu. Alisoma kioo, akasoma daftari langu.

"Labda kamba yako ilivutika."

"Twende tuone, shefu."

Tulitoka. Nilimpa kamba aishushe mwenyewe. Akaishusha akihesabu alama kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza, tano, sita, saba, na kamba kimya. Ilipolia kwenye kumi na moja alisimama pale ameishika, akasikiliza ule mlio kwa muda mrefu kuliko ulivyohitajika. Kisha alivua kofia.

"Nilishamwambia Mama Muuguzi," alisema.

"Mi njo nitamwambia," nikamjibu. Kosa lilikuwa langu, na njia ya kwenda kule naijua.

Nilikwenda kwa pikipiki. Muuguzi mkuu ni mwanamke mkubwa wa mwili, aliyezalisha nusu ya mtaa ule, na anazungumza na kila mtu kama alimshika miguu siku ya kwanza. Nilimkuta ameshapanga mawe mahali pa kisima langoni.

"Jana muliniambia ku mulango," alisema. "Leo muko munasema ngoya. Masini yenu iko na malaria?"

"Iko mugonjwa, mama. Mi mwenyewe niliifanya mugonjwa."

"We?"

Nikamweleza, kwa kifupi, bila kumtaja shangazi. Wanawake wawili wenye matumbo walikuwa wamekaa kwenye benchi wanasikiliza.

"Na kama haiponi mbele ya Jumamosi?"

"Basi tutachimba bila kujua."

Aliokota jiwe moja kati ya yale aliyoyapanga, akaliweka tena palepale. "Enda ukaitibu," alisema.

Rafiki wa Lubumbashi nilimpata jioni. Safari hii hakucheka. Alisema lilikuwa kosa lake, kwamba alitaka kumaliza haraka. Maktaba mpya, alinieleza, ina jina lilelile na kazi ileile, lakini imepanga vyumba vyake kwa namna nyingine. Programu inaomba kilichomo katika chumba cha tatu, inapewa cha chumba cha pili, na haina njia ya kujua. Inapika na ilichopewa.

"Ingekataa ingekuwa bora," alisema. "Yenye kukataa haidanganyi mutu."

Dawa ilikuwa moja, maktaba za zamani zenyewe, toleo lilelile. Yeye alikuwa nazo. Walizijenga pamoja na kaka, kompyuta mbili, siku moja, kila mmoja akabaki na zake. Lakini zilikuwa nzito, mtandao wetu wiki ile ulikuwa wa kukata na kurudi, na tulipojaribu kuzituma zilikwama katikati mara tatu. Mwishowe alisema ataziweka kwenye flash na kuipa gari la abiria.

"Sasa sikiliza. Zikifika, njia rahisi ni hii: mufungulie yaya nyumba yake tena. Tengeneza folda yenye jina yake, palepale pa zamani, weka bitu mule. Programu haitajua hata kama alikufa."

Niliweka kalamu chini.

"Uko pale, mama?"

"Niko. Lakini mi nitajua."

Sijui kama alinielewa au alinihurumia. Alipumua. "Bon. Tuziweke mahali pa batu yote, basi. Kuko folda ingine mu masini, haina jina ya mutu. Tutaandika mustari moja wa kuambia programu hii peke yake: azima hapa kwanza. Zile zingine ziendelee na maktaba zao mupya, tusiziguse. Kazi itazidi kidogo. Hata yaya nilimwambia hivyo."

Flash ilisafiri Alhamisi. Iliwekwa mikononi mwa familia moja ya Kiislamu ya asili ya Maniema, wasafirishaji ambao magari yao yanakwenda Lubumbashi na kurudi. Ofisi yao ni chumba kimoja chenye mizani na kalenda. Yule baba wa mizigo alinitolea kifurushi kilichofungwa kwa karatasi ya mfuko wa saruji, kikubwa kuliko kilichomo mara ishirini.

"Kitu kadogo hivi," alisema, "na mutu wa Lubumbashi ananipigia simu mara tatu kama ni almasi. Kuko nini ndani, mama?"

"Hesabu ya mayi ya visima, tata."

"Mayi mu flash!" Alimgeukia mwenzake. "Sikia, Kolwezi tumefika mbali. Kesho batatuletea ugali mu simu."

Nilicheka. Nilishangaa kusikia sauti yangu, ilikuwa kama ya mtu aliyekaa chumba cha pili.

Ijumaa asubuhi, na rafiki wa kaka kwenye simu iliyoegemezwa kwenye kikombe, nilinakili maktaba zile katika folda lisilo na jina la mtu. Nilifungua faili la kuanzishia programu. Humo, kwenye mstari wa pili, lilikuwa bado jina la kaka, njia ya kwenda nyumbani kwake. Sikuwa nalijua. Miezi yote ile nilikuwa nalipita kila nilipoiwasha programu, bila kuliona. Nililifuta herufi kwa herufi, kutoka mwisho kurudi mwanzo, nikaandika njia mpya. Halikuniuma kama nilivyotegemea. Kazi ilikuwa inaendelea kwenda mahali, haikuwa inatupwa.

Niliiuliza kompyuta orodha ya kuazima. Kila kitu kilikuwa na anwani. Nilikuwa karibu kushangilia.

"Ngoya," alisema yule wa kwenye simu. "Soma zote. Usiseme zote ziko. Soma ziko wapi."

Nikasoma moja moja kwa sauti. Mbili zilikuwa zinatoka katika folda jipya. Ya tatu, ile ya hesabu kubwa, ilikuwa bado inatoka kwingine, kwenye kiungo changu cha Jumatatu. Jina lake nilikuwa nimelinakili pungufu kwa namba moja, na kwa kuwa kile kiungo kilikuwepo, programu haikulalamika. Ilichukua ilichokikuta. Niliondoa viungo vyote vitatu nilivyovitengeneza, nikanakili upya, nikasoma tena kutoka juu mpaka chini. Sasa zote tatu zilitoka mahali pamoja.

Kisha kisima cha uani. Shefu alikuwa amesimama dirishani amenipa mgongo, kama watu wanavyosimama nje ya chumba cha mgonjwa.

"Inasema nini?" aliuliza bila kugeuka.

"Kumi na moja, shefu. Na kidogo."

Aligeuka akaja kuisoma mwenyewe. Akaisoma mara mbili. Kwenye simu rafiki wa kaka alikuwa anauliza, "Allô? Allô? Imesema?" na sisi tulisahau kumjibu.

Tuliipa namba za materniti kabla ya chakula cha mchana, tukangojea. Jibu lilikuwa kinyume cha lile la Jumatatu. Langoni maji yangekuwepo Jumamosi, yangekuwepo na mwezi mmoja baadaye, kisha yangeshuka chini ya bomba kabla mvua haijafika. Nyuma ya ukuta, ardhi inapoinama, yangeshuka kidogo na kukaa. Nilifikiria mawe yale yaliyopangwa langoni. Kama nisingeshusha kamba Jumanne asubuhi, mashine ingechimba kati ya mawe yale, watu wangeshangilia, nami ningekuwa nimelala vizuri mwezi mzima.

Jumamosi kulipopambazuka lori la kuchimbia lilipita langoni bila kusimama, likazunguka ukuta. Muuguzi mkuu alikuja nyuma yake kwa miguu, amefunga kitenge kifuani.

"Huku?" alisema. "Wenye kuteka mayi batatembea mpaka huku, na ndoo, na mvua?"

"Ndiyo, njo huku, mama. Kule mbele yangekauka."

"Nani anasema? Ile yenye malaria?"

"Imepona. Niliijaribu na kisima ninachopima mwenyewe."

Alinitazama, akatazama lori, akaacha. Walichimba asubuhi nzima. Ardhi nyekundu ilitoka ikiwa vumbi, kisha ikatoka ya kijivu, kisha wachimbaji wakaanza kuitana na mmoja akavua miwani yake kwa sababu imerukiwa na matope. Maji yalikuja ya kahawia, kwa mikupuo. Wakayaacha yaende. Saa tisa yalikuwa meupe. Nilikaa juu ya mabomba yaliyobaki, nikagundua kwamba tangu jana sikuwa nimekula kitu, nikala mkate mzima wa mtu ambaye sikumjua, yeye akinitazama na kucheka. Muuguzi mkuu alinawa mikono mpaka viwikoni, polepole, kama anavyonawa kabla ya kuzalisha.

"Iko mbali," alisema. Kisha akasema, "Lakini iko."

Sikuamini kwa kuona maji siku moja. Nilikipima kisima kile kila wiki, mwezi wa tisa wote na wa kumi. Kilishuka kama programu ilivyosema kitashuka, kikasimama pale iliposema kitasimama. Kazi ya kaka sasa naifanya mimi, vizuri kiasi. Kila mwezi nasoma ile orodha ya kuazima kutoka juu mpaka chini, na sisomi tu kama zote zipo, nasoma zinatoka wapi. Shangazi nilimweleza yaliyotokea, pamoja na ule mfano wa kaka wa masufuria. Alisikiliza, akasema nilifanya vizuri kumtoa, na nilifanya vizuri kuacha masufuria.

Mvua ya kwanza ilinikuta palepale nyuma ya ukuta, nimeinama, ndiyo kwanza nimeandika namba ya wiki ile. Ilikuja na upepo, matone makubwa ya kuhesabika kwanza, halafu yasiyohesabika. Muuguzi mkuu alinipigia kelele kutoka mlango wa nyuma.

"Mama ya visima! Ingia ndani, utalowa!"

Nilifunika daftari kwa koti nikamwambia nakuja. Lakini kwanza niliivuta kamba yote juu, mita kwa mita, taratibu, maji ya mvua yakinipita shingoni. Hapakuwa tena na la kuharakisha.